Nyanya Hazikuoza kwa Sababu Yako

Marambo, Ijumaa, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Salima,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga watu, na nimekuona kupitia dirishani ukishika ile njia ndefu ya kuzungukia kwa Mama Shaibu. Njia fupi inapita ubavuni mwa bustani yetu ya nyanya, na ni hatua chache tu kufika barabarani. Wewe umezunguka, kama unavyozunguka kila siku uwapo nyumbani, kwa miaka mitatu sasa, na jua hili lilivyo kali. Nimekaa kitako nikachukua kalamu.

Sitakuandikia habari za sabuni, shuka wala kiti cha kukaa kwenye basi. Hayo tumeyasema wiki nzima, na nadhani umeona kwamba nilikuwa nayasema ili nisiseme jingine. Jumatatu nilikuita jikoni nikakwambia, "Salima, kuna jambo." Ukakaa kwenye kigoda ukanisubiri, na mimi nikaishia kukuuliza kama vyeti vyako umevitia kwenye mfuko wa nailoni. Jana tena nilikufuata kisimani. Tukateka maji, tukarudi, na njia nzima nikazungumzia bei ya ufuta. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda chuoni Tabora, na umeshasema kwamba likizo utakaa huko huko.

Jambo lenyewe ni hili. Nyanya hazikuoza kwa sababu yako. Hazikuoza kwa kuingia kwako bustanini, wala kwa kupita kwako njiani, wala kwa siku zako za mwezi. Zilioza kwa sababu yangu, na mimi nimelijua hilo kwa miaka miwili bila kukwambia.

Ngoja nilieleze lote kwa mpangilio, maana mpangilio ndio niliojivunia maisha yangu yote, na ndio niliokuumizia.

Unajua kwamba naandika daftari. Nilianza nikiwa kidato cha pili, nikaendelea baada ya kumaliza cha nne, nikaolewa nalo, nikakuzaa nalo. Kila siku mistari mitatu au minne: mvua, nani ameumwa, tumepanda nini, kuku ametotoa wangapi. Kina mama wenzangu hapa Marambo wananitania kwamba nitaandika hata siku ya kufa kwangu. Ulipovunja ungo, makungwi walikufundisha kama walivyonifundisha mimi: ukiwa kwenye siku zako usitie chumvi mbogani, usiingie kwenye bustani ya maboga wala nyanya, matunda yataharibika. Mimi nilikuwa na ubishi wa mtu aliyekaa darasani. Nilikwambia, "Waitikie kwa heshima, halafu njoo umwagilie." Ukacheka sana. Ukamwagilia bustani ile siku zote za mwezi, ndoo kumi kila jioni kutoka kisima cha bondeni, na mwaka wa kwanza tulipata nyanya hata za kugawa.

Mwaka uliofuata ulikuwa kidato cha pili. Julai ya mwaka ule mchanga ulikuwa na joto mapema, na nyanya za kwanza, zile kubwa kubwa, zikatoa doa chini. Mama Shaibu alipita akainama, akanyanyua moja na kuigeuza.

"Mama Salima, nyanya zako zina kitako cheusi kuliko sufuria yangu!"

"Ugonjwa tu huo, utapita," nikamjibu.

"Ugonjwa gani usioshika majani? Tazama majani, mabichi hayo. Huyu binti yako anaingia humu siku zote?"

"Siku zote."

"Haya. Wewe umesoma bwana, mimi sina langu."

Alisema hivyo akaondoka. Ni maneno madogo, lakini yalinikaa. Usiku sikuyafikiria, ila asubuhi nilipookota nyanya nyingine sita chini ya miche, niliyakuta bado yapo. Ndipo nikakwambia, "Salima, tujaribu. Ukiwa kwenye siku zako usiingie, maji nitamwaga mimi." Hukubisha. Ulisema tu, "Sawa mama, ila mchana usiwanyime, wana kiu." Ulikuwa unaita miche "wao" kama watu.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na nataka ulione vizuri. Kipindi kile tulikuwa tunavuna ufuta. Nilikuwa natoka shamba jioni mgongo umekufa. Ndoo kumi zako mimi nilizifanya mbili, siku nyingine moja, na siku nyingine nilinyunyiza kwa kopo nikajiambia ardhi ina unyevu kwa chini. Siku zako zikiisha ulirudi bustanini, ukakuta miche imelegea, ukaionea huruma ukaimwagia maji mpaka tuta likaelea. Kiu siku sita, halafu mafuriko. Baada ya wiki moja hivi, doa linatokea. Kila mwezi.

Mimi sikuandika maji. Niliandika siku zako na nyanya zilizooza, basi. Kwenye kaunta buku, ndilo hilo daftari langu, nilichora duara dogo pembeni ya tarehe ulizoanza, na alama ya msalaba pembeni ya tarehe nilizookota mbovu. Julai, Agosti, Septemba. Nilipozipanga, zilifuatana kama shanga. Mwalimu wetu wa baiolojia alitufundisha kwamba jaribio lazima liwe na mche wa kulinganisha, ule ambao hukuubadilishia kitu. Nililijua hilo, nikalijibu kwenye mtihani nikapata. Nyumbani kwangu sikuwa na mche wa kulinganisha. Nilikuwa na mtoto wangu, na duara, na msalaba.

Na fikiri ubaya wa hesabu yangu. Ulikuwa huingii bustanini siku zile, lakini nyanya zinaoza. Mtu mwenye akili angesema, basi si yeye. Mimi nikasema, basi anaingia kwa siri.

Unaikumbuka ile Jumapili. Bibi yako Somoe alikuwa amekuja kutoka Nkowe kututembelea, baba yako alikuwa anasuka kamba ya mbuzi, na Mama Shaibu alikuwa amekuja kuazima ungo wa kupepetea. Nikaleta kaunta buku barazani. Nikasoma kwa sauti. Nilisoma mbele ya baba yako, tarehe kwa tarehe, jambo ambalo hata kungwi wako asingelithubutu. Wewe ulikuwa unachambua mchicha, mikono ikasimama.

"Mama," ukasema. "Umeniandika?"

"Sijakuandika wewe. Nimeandika nyanya."

"Wallahi sijaingia. Tangu uliponikataza sijaingia hata siku moja."

"Salima, daftari halisemi uongo."

Baba yako aliinamisha kichwa kwenye kamba yake. "Basi yaishe," alisema, "nyanya tu hizi." Mama Shaibu alichukua ungo akaondoka polepole, na nilimwona amefurahi kidogo, na mimi pia, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Nilikuwa nimethibitisha kitu. Nilikuwa nimesoma, na kusoma kwangu kumekubaliana na wazee. Nikakuongezea na siku: si sita tena, siku tisa, ili kuwa na uhakika. Nyanya zikaoza zaidi, na mimi nikaongeza misalaba.

Baada ya hapo hukugombana nami. Ningependa ungegombana. Ulianza kuzunguka njia ndefu, kwanza kwenye siku zako, halafu siku zote. Nilipokuuliza ulisema, "Kama siingii na bado zinaoza, labda hata nikipita tu." Ulisema kwa utulivu kama mtu anayetaja ukubwa wa kiatu chake. Mtoto wa Mama Shaibu alipozaliwa ulikwenda kumwona ukiwa umefunga mikono nyuma. Ukaniuliza njiani, "Mama, na mtoto mchanga nikimshika?" Nami nikacheka nikajibu, "Mtoto si nyanya, bwana." Lilikuwa swali zito, na mimi nikalijibu kwa mzaha kwa kuwa nilikuwa nimebeba mzigo kichwani na nilitaka kufika.

Mwaka uliofuata ulikwenda bweni, Ruangwa. Nikapanda miche ile ile, matuta yale yale. Mwezi Juni bibi yako akaanza kuumwa kifua, nikaenda Nkowe kumuuguza siku nane. Nilipanda pikipiki mpaka mjini, kisha gari, kisha pikipiki tena, na huko nyuma baba yako aliniahidi kwamba angemwagilia. Nilipofika nyumbani matuta yalikuwa yamepasuka kama nyayo. Nikamwaga maji jioni nzima. Baada ya siku kumi nikanyanyua jani na kuona doa. Nyanya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikahesabu kumi na moja. Nilisimama pale katikati ya bustani, na wewe uko Ruangwa, umeondoka hapa miezi mitano, hujaikanyaga ardhi ile.

Ule ndio ulikuwa mche wangu wa kulinganisha.

Unataka kujua nilifanya nini? Niliziokota zote kumi na moja nikazitia kwenye kanga, nikachimba shimo nyuma ya zizi la mbuzi nikazifukia. Nilifanya haraka, nikitazama huku na huku, ili Mama Shaibu asione. Kwenye daftari siku ile niliandika: "Jumanne. Upepo. Nimepalilia." Ni mara ya kwanza kuandika uongo mle, na niliuandika kwa kuacha.

Mwezi uliofuata alikuja bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, msichana mdogo tu, labda anakuzidi miaka sita, akakutanisha watu uwanjani pale ofisi ya kata. Alileta nyanya mbovu kwenye ndoo, akawa anazitoa moja moja na kuzikata kwa kisu, anatuuliza sisi. Nilikaa mbele na kalamu. Alipotoa ile ya doa chini, mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Hiyo ni ya wanawake kuingia shambani vibaya!" Watu wakacheka. Yule binti hakukasirika.

"Babu," akasema, "nyanya haina habari na mwanamke. Nyanya ina habari na maji. Ipe leo, inyime kesho, ipe sana keshokutwa, inaoza kitako. Ungekuwa wewe unakula hivyo ungekuwa na hali gani?"

"Ningeoza mimi!" mzee akajibu, na watu wakacheka zaidi. Nami nikacheka nao.

Halafu akanigeukia kwa kuwa aliniona naandika. "Mama, za kwako zikoje?"

"Zangu nzima," nikasema.

Niliandika aliyoyasema yote, na nakuandikia tena hapa. Sijui kama utalima nyanya huko uendako. Nataka tu siku moja ushike nyanya mbovu mkononi, uigeuze, na ujue unachokiona, usije mtu mwingine mwenye daftari akakwambia ni wewe.

Kuoza kitako huanzia chini ya tunda, upande ulio mbali na kikonyo, pale ua lilipodondokea. Kwanza ni kama maji yameingia chini ya ngozi. Kisha panakuwa kahawia, panabonyea, panakauka na kuwa peusi na pagumu kama ngozi ya kiatu. Huku juu nyanya ni nzuri kabisa, tena huwahi kuiva kuliko wenzake. Si ugonjwa na haiambukizi, ndiyo maana majani hubaki mabichi. Mmea umekosa chokaa kwenye tunda, na mara nyingi chokaa ipo ardhini ila maji ya kuipandisha hayaji kwa utaratibu. Ukikata sehemu mbovu, iliyobaki inalika. Dawa yake ni maji kidogo kila siku na nyasi kavu chini ya mche. Mimi niliinunulia sumu ya wadudu nikaipulizia mara tatu. Wadudu hawakuwepo.

Ukikuta nyufa zinazozunguka kikonyo kama pete, au zinazoshuka kutoka juu, huko ni kupasuka, ndugu yake wa karibu. Tunda lilikuwa na kiu, ngozi ikakaza, kisha maji yakaja mengi kwa mara moja. Hizo pia tulikuwa nazo mwaka ule, na nilisema ni ndege.

Ukikuta doa jeupe kama karatasi, upande mmoja tu, ule unaopigwa na jua la mchana, usimlaumu mtu. Tunda limeungua kwa sababu mwenye bustani amepunguza majani kupita kiasi. Mwenye bustani nilikuwa mimi. Nilisikia kwamba ukipogoa unapata matunda makubwa, nikapogoa mpaka miche ikabaki kama fito.

Funza huacha tundu wazi karibu na kikonyo, na kinyesi mlangoni, na ukipasua unamkuta mwenyewe ndani. Mdudu kantangaze ni mdogo kuliko huyo. Yeye huacha vitundu kama vya sindano, na majani yake yana michirizi myeupe kama mtu amechora kwa chaki. Ile ya kuogopa kweli ni bakajani, ambayo hushika tunda popote, mara nyingi begani, kwa doa la kahawia lisilo na mpaka mzuri, na majani nayo yanaungua kwa siku chache kama yamepitiwa na moto. Hiyo ndiyo inayoambukiza. Hiyo ng'oa mche, toa nje, choma.

Kila moja ina mahali pake pa kuanzia. Ndicho nilichojifunza kwa yule binti, kwamba kabla ya kusema nani, utazame kwanza wapi. Mimi nilianza na nani.

Sasa nifike pale ambapo mkono hautaki kwenda.

Nilikuwa nimeshajua hayo yote, Salima. Ilikuwa Desemba ya mwaka ule ule. Ulikuwa umefunga shule, tukaenda wote Nkowe kwa sababu bibi yako alikuwa amezidiwa. Alikuwa amelala chumba cha uani, na tulikuwepo mimi na mama yako mkubwa Fatu, mimi nimeshika kikombe cha uji. Wewe ulikuwa mlangoni, umesimama nje ya kizingiti, mikono nyuma.

"Mke mwenzangu yuko wapi?" bibi akauliza. Alikuwa anakuita hivyo tangu ulipozaliwa. "Aje aninyweshe yeye. Hawa wananiunguza."

"Bibi, nipo hapa," ukasema. "Leo siwezi. Keshokutwa nitakunywesha mpaka ukatae mwenyewe."

"Keshokutwa ya nani? Unaniringia?"

"Siringi bibi. Siku hazijaisha."

Bibi akavuta pumzi, kisha akasema, "Njoo hivyo hivyo."

Mama yako mkubwa akadakia, "Mwache mtoto, mama. Ana adabu yake huyu."

Hukuingia. Ulinitazama mimi. Ulinitazama muda mrefu, na najua ulikuwa unaniuliza. Mimi ndiye niliyesoma daftari barazani, mimi ndiye niliyekuwa na neno la kukuingiza. Lilikuwa neno moja. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu na neno lilikuwa mdomoni, na niliwaza: nikisema aingie, Fatu atauliza, habari za nyanya ukoo mzima unazijua, nitaeleza vipi? Nikainamisha macho kwenye uji nikapuliza. Nilipoinua, ulikuwa umeshaondoka mlangoni, na bibi yako alikuwa amegeukia ukutani. Hakuunywa ule uji.

Bibi yako, ambaye tunasema ndiye wa mila, ambaye hakupita darasani hata siku moja na Kiswahili chenyewe alikichanganya na Kimwera, aliijua hali yako akakuita hivyo hivyo. Aliyesoma ndiye aliyekuacha mlangoni.

Keshokutwa yake uliamka mapema ukaoga. Nilisikia ndoo na maji. Ulipika uji mwenyewe, ukautia maziwa, ukaupooza kwa kumimina kutoka kikombe hadi kikombe. Ulikuja nao umeubeba kwa mikono miwili, na ulipofika mlangoni sisi tulikuwa tunamfunga kidevu. Hukulia pale. Uliuliza, "Niuweke wapi?" Kisha ukaenda nao nyuma ya nyumba, na sijui uliufanya nini.

Daftari langu la siku ile linasema: "Mama amefariki. Mvua kidogo." Nimelitazama leo. Hakuna jingine.

Tangu hapo imepita miaka na nimekuwa nikijidanganya kwamba wewe umesahau, kwamba umekuwa mtu mzima, kwamba chuoni watakufundisha mwenyewe. Jumapili iliyopita nilikuomba unichumie nyanya za kukupikia kachumbari, ukasema, "Mama, chuma wewe, nisije nikakuachia hasara nami naondoka." Ulitabasamu uliposema. Ndipo nilipoona kwamba unakwenda nalo. Utakwenda nalo kwenye chumba chako, darasani kwako, siku moja kwenye nyumba yako na kwa watoto wako, na sitakuwepo kukwambia.

Juzi nikaanza na wale niliowasomea. Nilikwenda kwa Mama Shaibu, nikamkuta anatwanga, nikamweleza kila kitu, pamoja na shimo la nyuma ya zizi.

"Ee mama Salima," akasema, "mbona unafukua mambo? Mtoto mwenyewe ameshasahau."

"Hajasahau. Anapita uani kwako kila siku ya Mungu. Unadhani anafuata nini?"

Akashusha mchi. "Mimi nilidhani ananipenda," akasema. Kisha akakaa chini, akanishika mkono. Usimchukie. Alisema neno moja tu. Niliyelitengenezea jedwali ni mimi.

Baba yako nilimwambia jana asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo siku ile mtoto aliapa kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mwambie yeye." Akatoka, na mpaka leo hajasema nami vizuri.

Wa tatu aliyesikia yuko Nkowe chini ya mchanga. Huyo sina pa kumwambia.

Ya chumvi na mengine ya unyago sikuamulii. Mengine walikufundisha kwa upendo, mengine utayatazama mwenyewe uone yanaanzia wapi. Mimi nimepoteza haki ya kukwambia lipi la kweli. Hili la nyanya tu ndilo ninalolijua, kwa sababu nimelifanya kwa mkono wangu. Uliponiapia, ulikuwa unasema kweli. Kutoingia kwako ndiko kulikoua zile nyanya, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine nyumba hii aliyezipenda kiasi cha ndoo kumi.

Sitaificha barua hii kwenye begi lako uikute Tabora, mimi nikiwa mbali na hasira zako. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla ya magharibi, nami nitakaa pale barazani. Ukitaka kunijibu nipo. Ukitaka kunyamaza, nitakaa na kunyamaza kwako. Na habari ya likizo, nilikuwa nimepanga kukusihi urudi. Sikusihi tena. Urudi siku utakayotaka mwenyewe, na kama hutaki, nitajua sababu wala sitamwuliza mtu.

Ninachokuomba ni kimoja. Huko uendako, mtu akikuita umshike, awe mgonjwa, awe mtoto mchanga, awe mzee anayetaka uji, usihesabu siku. Ingia.

Na kama ipo siku mgonjwa huyo ni mimi, ukaja mpaka mlangoni ukashindwa kuingia, nitakuwa nimegeuka upande wako, nakutazama. Sitasema ni siku zako. Nitajua ni kwa sababu ya yule mwanamke aliyekuwa ameshika kikombe akapuliza uji.

Mama yako